Hasi kwa Hasi

Jumatatu na Alhamisi niko Uhindini,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa.
Viatu navua mlangoni. Soksi yangu ina tundu,
nalikunjia chini ya dole gumba nisionekane.
Hetvi ameshakaa. Penseli tatu, zote zimechongwa.
Ana miaka kumi na tatu na vivuli chini ya macho.
Hasi kwa hasi?
Chanya, anasema, sijafunga mdomo.
Hasi saba kwa hasi nane?
Hamsini na sita.
Kwa nini?
Ananitazama kama nimemuuliza bei ya mvua.

Bibi yake analeta chai ya tangawizi
na karatasi ya mtihani, tisini na sita kwa wino mwekundu.
"Mwalimu," anasema, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu,
"hizi nne zilizobaki, kachukua nani?"
Nikacheka.
Yeye hakucheka.
Hetvi alikuwa anachonga penseli ya nne.

Jumatano ni Njiro, kwenye geti la kijani
ambapo mlinzi ananijua mpaka ukoo
lakini jina lazima niandike upya kitabuni.
Siku ya kwanza mama yake Joost aliniambia, kwa upole:
"Usimwambie amekosa. Muulize amefikirije."
Basi namuuliza, naye anafikiri.
Anafikiri mpaka mbwa anahama kivuli.
Juzi alichora kobe: ameupa ukuta uso, anarudi kinyumenyume.
Akamgeuza kobe. Akageuza na mwendo.
"Ona, Mwalimu! Anaenda kulekule!"
Vinyweleo vilinisimama.
Miaka ishirini na mbili nafundisha,
sijawahi kukutana na huyo kobe.
Kisha akaandika, kwa raha zake:
saba mara nane, hamsini na nne.
Nikameza neno.
Nikamuuliza amefikirije.

Mimi jedwali la saba niliingiziwa viganjani,
Machame, asubuhi za umande, kwa fimbo ya mpera.
Hadi leo nikiisikia saba mara nane
vidole vinajikunja vyenyewe.
Sijui niite elimu au kovu.
Ila hamsini na sita haijawahi kunipotea,
hata siku ya kumzika mama, nikihesabu viti.

Na hawa watu wananichungulia mfukoni.
Baba Hetvi, akipima kitambaa: "Wale wa Njiro wanacheza tu, sivyo?
Halafu wanakuja kutuajiri."
Mama Joost, akipanga vikombe: "Wale wa shule ile nyingine,
silabasi wamefika wapi?"
Upole ulikuwa umemtoka kidogo.
Nami nawajibu wote, wanaendelea vizuri,
napokea bahasha, navaa viatu.

Sombetini nafika saa tatu, umeme umekatika.
Anaeli wangu amelala, mdomo wazi.
Darasani kwao wako themanini na saba, dawati moja wanne,
aliye pembeni anaandika nusu ya makalio yakiwa hewani.
Daftari ameliacha juu ya meza, wazi, makusudi:
*Baba kwa nini hasi kwa hasi inakuwa chanya
mwalimu amesema tukariri tu.*
Swali ninalolipwa elfu kumi na tano kwa saa.
Nilikaa nalo mpaka tochi ya simu ikazima.

Alfajiri, Meru umejifunika shuka lake la mawingu,
nikamwambia akinywa uji:
"Deni ni hasi. Kufuta nako ni hasi.
Mangi akitufutia madeni matatu ya elfu mbili mbili,
tumepata nini?"
"Elfu sita."
"Umeona?"

Akalamba kijiko. Akakilamba upande wa pili.
Nilisubiri, sijui nilijifunza wapi kusubiri hivyo.
"Lakini Baba," akasema,
"Mangi hajawahi kufuta."